Ziwa Kivu katika vipande sita

Mwaka 2018, katika shule moja ya sekondari ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwenzetu anayefundisha jiografia alitualika walimu wachache tukaone somo lake la Ziwa Kivu. Wanafunzi wake walimwita Madamu, nasi tukazoea kumwita hivyo. Darasa lake la tatu lilikuwa na wanafunzi 54, watatu watatu kwenye madawati 18, na lilijulikana kwa ukimya. Ukiuliza "Nani anajua?", vichwa vinainama, hata vya wale ambao jibu wanalo.

Maelezo ya ukimya huo tulikuwa nayo wengi: huyu ni mtoto wa jamii inayotanguliza ukoo na jirani, anaona haya kujitokeza mbele ya wenzake, basi apewe kazi ya kikundi. Mafundisho hayo yanatokana kwa sehemu kubwa na Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Kwenye kipimo chake cha kumtanguliza mtu binafsi, Marekani ilipata 91, Afrika Mashariki 27. Kongo haikuwemo. Tena waliojibu walikuwa watu wazima wenye mishahara, si watoto wa shule. Na shule yetu yenyewe haitangulizi kundi hata kidogo. Bulletini, yaani ripoti ya alama za mtoto, ina asilimia na nafasi, na mtoto akifika nyumbani swali la kwanza ni "Umekuwa wa ngapi?" Tangu darasa la kwanza la msingi anashindana na yule anayegusana naye kiwiko. Mpe kazi ya kikundi bila mpango uone: mwenye Kifaransa kizuri ataandika yote, wengine wataongeza majina chini, alama itakuwa moja kwa wote, na manung'uniko yataanzia hapo.

Madamu alichagua njia ya mwanasaikolojia Mmarekani Elliot Aronson, iliyoanza Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule zilipochanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na chuki ikaingia darasani. Somo hukatwa vipande, kila mtoto akapewa kimoja, na wenzake hawana namna nyingine ya kukipata ila kwa mdomo wake. Wanafunzi walielewa mara moja alipowaambia ni kama likelemba, mchango wa fedha wa kupokezana: kila mtu analeta fungu lake, na asipoleta, wote wanapungukiwa.

Aligawa ziwa mara sita. Cha kwanza, mahali lilipo, kisiwa cha Idjwi, na kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari. Cha pili, kina cha karibu mita 485 na matabaka ya maji: ya chini yana chumvi na gesi nyingi, ni mazito, hayapandi kuchanganyika na ya juu. Cha tatu, gesi zenyewe, methani kilomita za ujazo 60 hivi na kaboni dioksidi 300 hivi. Cha nne, Ziwa Nyos la Kameruni, ambako tarehe 21 Agosti 1986 gesi ililipuka kutoka majini ikaua watu zaidi ya 1,700. Cha tano, namna methani inavyovutwa upande wa Rwanda ili kutoa umeme. Cha sita, mto Ruzizi unaotoka ziwani kwenda Tanganyika, na mabwawa yake ya umeme. Uzuri wa mgawo huu ni kwamba vipande vinahitajiana. Hatari ya Nyos haieleweki bila matabaka ya kipande cha pili. Vipande visivyohitajiana vinazaa hotuba sita tu, na watoto wanalala.

Kila kipande kilikuwa robo ya karatasi ya A4, mistari minane, kwa Kifaransa. Kurasa tatu kwa kila mada, yaani karatasi 18 za fotokopi, zikatoa vipande 12 vya kila mada: tisa vya kutumia, vitatu vya akiba.

Kabla ya kengele, madawati yalikuwa yamekwisha kugeuzwa mawili mawili yakitazamana, watu sita kila kikundi. Asubuhi ile walikuja 52. Vikundi viwili vikabaki na watano, na katika kila kimoja mtu akabeba vipande viwili, kimojawapo kile cha kwanza. Kile kilifanywa chepesi makusudi, kisomeke bila msaada.

Halafu wenye kipande cha aina moja kutoka vikundi vyote wakakutana, dakika 15. Watu tisa ni wengi mno, wawili wanasema na saba wanasikiliza, kwa hiyo aliwapasua wanne na watano. Hapo ruhusa ya Kiswahili ilikuwa kamili. Kazi haikuwa kukariri. Ilikuwa kukubaliana jinsi ya kumweleza mtu asiyejua. Mimi naona dakika hizi ndizo moyo wa njia yote. Yule anayeogopa kusema peke yake anarudi kwenye kikundi chake na maneno yaliyokwisha kupimwa na wenzake, hasemi tena kwa jina lake tu.

Waliporudi, dakika tano kwa kila kipande. Katika kikundi kilichokuwa karibu nami, msichana anayesoma polepole alikwama kwenye matabaka, na shefu wa darasa, yaani kiongozi wao, akanyoosha mkono kuchukua karatasi yake.

"Mwachie, mwanangu," Madamu akasema. "Kipande ni chake. Wewe muulize swali."

Akamuuliza: "Sasa mbona maji ya chini hayapandi?" Msichana akanyamaza. Madamu hakujibu kwa niaba yake, akasubiri. Mtafiti wa elimu Mmarekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu huwa wanasubiri sekunde moja hivi, na kwamba wakifika tatu majibu yanarefuka. Hapa zilipita zaidi. "Kwa sababu ni mazito," msichana akasema, kisha akaeleza chumvi vizuri kuliko karatasi ilivyoandika.

Mwishoni kila mmoja alijibu peke yake, kimya, maswali 12, mawili kwa kila kipande. Alama zilikuwa za mtu mwenyewe, na hilo ndilo linalozuia manung'uniko.

Katika kusahihisha, Madamu alihesabu makosa kwa kipande kabla ya kuhesabu kwa mwanafunzi. Kikundi kimoja kikikosa peke yake, aliyefundisha kipande hicho humo anahitaji msaada, na anaitwa pembeni. Lakini maswali ya kipande cha tano yalikosewa na karibu vikundi vyote tisa, maana yake kosa lilikuwa kwenye karatasi. Ilisema gesi inapanda "shinikizo likipungua", bila kueleza kwa nini shinikizo lipungue. Tukakiandika upya tukiwa bado darasani, safari hii kwa mchoro: bomba refu, maji ya kilindini yakipanda ndani yake, na kadiri yanavyokaribia juu ndivyo uzito unaoyakandamiza unavyopungua na mapovu yanavyoongezeka.