Hopsi yangu ya Dagoretti inataka taa

Sisi tuliokulia Marangu, Kilimanjaro, tumezoea pombe yenye uchungu wa mti. Magome ya msesewe huchunwa, huanikwa na kusagwa, kisha ndiyo yanayoipa mbege ule ukali unaokata utamu wa ndizi. Nilipohamia Nairobi kikazi na kuanza kupika bia ya shayiri nyumbani, sikuridhika kununua uchungu wa pakiti. Nilitaka uote karibu na mlango wa jikoni, kama nyumbani.

Kwa hiyo nikapanda hopsi, mmea wa kupanda kamba ambao maua yake ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Ni mmea wa jamii moja na bangi, ingawa majani yake yanafanana zaidi na ya mzabibu. Nalisema hili mapema kwa sababu mzee wa jirani alisimama uani siku moja akaniuliza, "Kijana, hiyo si ile kitu kweli?" Nilichuma ua, nikalipasua, nikamwonyesha unga wa njano ulio ndani. Huo unga ndio mali yenyewe: uchungu na harufu vyote vimo humo, na ni mmea jike tu unaotoa maua ya kupikia. Mzee alinusa, akamwita mkewe naye anuse.

Udongo si tatizo. Dagoretti tuna udongo mwekundu usiotuamisha maji, na jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku una ubaridi. Tatizo ni urefu wa mchana. Tuko kama nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, na jua linakaa saa 12 hivi mwaka mzima. Kule Hallertau, Bavaria, wanakolima hopsi kwa wingi, mchana wa Juni unafika saa 16. Mmea unazitumia siku hizo kupanda kamba mita 6 na zaidi, na siku zikianza kufupika ndipo unachanua. Hapa kwetu unaona siku fupi tangu unapochipua, basi unachanua ungali mfupi, maua haba, kisha unadumaa.

Wakulima wa George, Afrika Kusini, walikabiliwa na shida hiyo hiyo, japo wako nyuzi 34 kusini. Waliwasha taa mashambani, na baadaye wakapata aina zao wenyewe zinazostahimili siku fupi. Nami nimefunga balbu za LED juu ya kamba za katani (za Tanga, hapo sina mjadala). Zinawaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 na nusu usiku. Mwanga si lazima uwe mkali; kazi yake ni kuuambia mmea kwamba bado ni mchana. Shina likishafika juu kabisa nazima taa, na maua yanaanza kujitokeza.

Wakati wa kuvuna utaujua kwa vidole: ua bichi ni laini na lina unyevu, lililokomaa ni kavu kama karatasi na ukilibonyeza linarudi. Nayakausha kivulini penye upepo, halafu naweka kwenye friza ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Ukiyatumia mabichi, weka mara tano au sita ya uzito wa makavu, maana sehemu kubwa ni maji.

Bila maabara huwezi kujua uchungu wa hopsi yako ni kiasi gani. Mimi hutia za dukani mwanzo wa kuchemsha, kwa saa nzima, na zangu dakika za mwisho ili harufu isipotee. Shangazi alipokuja kutoka Marangu alionja, akasema uchungu huu unatangulia mdomoni, wa msesewe unafuata nyuma. Nadhani amepatia.

Wenye mbwa, muwe waangalifu sana. Hopsi, hata makapi yaliyokwisha kuchemshwa, inaweza kumpandisha mbwa joto hadi afe. Mimi nayafukia mbali na uani.

Ukitaka kuagiza mizizi kutoka nje, anza na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea. Ila huna haja ya kwenda mbali: Julai nakata mashina yote ili mmea upumzike, na mizizi inakuwa imetambaa kuliko ninavyohitaji. Mlio Nairobi, nitawagawia vipande. Kwanza mwe na ukuta mrefu, kamba, na mahali pa kuchomeka taa.