Nilivyolitafsiri neno shear

Nilikuwa natafsiri makala ya ufugaji wa kondoo, na kazi ilikwenda vizuri hadi nilipokutana na neno la Kiingereza shear. Nikaandika "kunyoa". Niliposoma kwa sauti, ikanikera. Kunyoa, kwa sikio langu, ni wembe upite hadi ngozi ing'ae. Kondoo hafanyiwi hivyo: mkasi unapita karibu na ngozi, sufu inatoka ikiwa imeshikana kama blanketi, na mwilini hubaki manyoya mafupi.

Nikaacha kuhangaika na kisawe, nikafuata ukoo wa neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa sceran, yaani kukata: nywele, manyoya ya kondoo, au kitu kingine.  Wajerumani wanasema scheren, na mkasi wao ni Schere. Wanaisimu huyapeleka yote kwenye mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya, sker, kukata. Ndugu zake ndio walionifurahisha: share, fungu lililokatwa, score, alama iliyochongwa kwenye kijiti cha kuhesabia, ambayo pia ikawa jina la ishirini, short, kilichokatwa kikawa kifupi, na wale mapacha, shirt na skirt. Nilikaa kimya kidogo hapo. Kumbe shati na sketi tunazozitaja kila siku zimetoka ukoo ule ule wa mkata manyoya!

Kilatini kikanipeleka pengine kabisa. Sufu nzima ya kondoo mmoja Warumi waliiita vellus, na Varro, mwandishi wa Kirumi, alilihusisha neno hilo na vellere, kung'oa, kwa kuwa zamani watu waling'oa sufu kwa mikono kabla hawajaanza kuikata. Sisi tuna kitenzi chake barabara: kunyonyoa.

Basi nikarudi kwenye tafsiri. Isaya 53:7 ilinithibitishia njia: kondoo hunyamaza mbele ya "wakatao manyoya yake". Nikaamua kwamba yakiwa bado mwilini mwa kondoo ni manyoya, na yakishakatwa, kile kinachokusanywa na kusokotwa ni sufu. Sentensi ikawa: "Kondoo hukatwa manyoya, kisha sufu huchambuliwa." Na kwenye aya ya kondoo wa kale, waliovuliwa sufu kwa mkono, nikafuta "kunyoa" ya mwisho iliyobaki, nikaandika "walinyonyolewa".