Kabla Mpwa Wangu Hajatia Saini

Jumapili ya wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu Mikindani, Mtwara, akiwa na bahasha ya kaki. Alinipa shikamoo, akaketi, akaiweka bahasha juu ya mkeka na kusema, "Mjomba, nisomee hii kabla sijaharibu." Yeye ni beki wa kati mwenye umri wa miaka 33, anacheza Ligi Kuu katika klabu ambayo sitaitaja, na ndani ya bahasha ile mlikuwa na rasimu mbili: makubaliano ya klabu mbili kubadilishana wachezaji, na mkataba ambao angeusaini huko aendako. Klabu yake ingempata winga wa miaka 21, na klabu ya pili, iliyoko Kanda ya Ziwa na ambayo beki wake tegemeo ameumia, ingempata yeye.

Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni dhamana ya mjomba, na dhamana hiyo haiishi mtoto anapoota ndevu. Tena kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kazi iliyonifundisha kusoma karatasi ambayo namba yake kubwa imeandikwa juu na makato yake yamepangwa chini kwa herufi ndogo. Mkulima huondoka mnadani akiwa na bei ya kilo kichwani, lakini kinachoingia katika akaunti yake ni kile kilichobaki baada ya ushuru, usafirishaji, ghala na chama. Kwa macho hayo hayo niliisoma bahasha ya mpwa wangu.

Namba iliyomvutia ilikuwa shilingi 31,600,000. Wakala alikuwa ameitaja kwa simu mara mbili, na dada yangu alikwisha kuanza kuhesabu mabati. Ilipatikana kwa kuzidisha mshahara wa 1,200,000 kwa miezi 18, kisha kujumlisha pesa ya usajili ya 10,000,000. Niliposoma vifungu nilikuta kwamba katika hiyo milioni 10 angelipwa 3,000,000 siku ya kusaini, na 7,000,000 zilizobaki angelipwa akishaanza mechi 10 kabla ya msimu kwisha. Ligi Kuu ina timu 16 na kila timu hucheza mechi 30, maana yake mzunguko wa pili una mechi 15 tu. Kwa hiyo beki mgeni, anayefika katikati ya msimu na goti lililowahi kupasuliwa, anatakiwa aanze theluthi mbili ya mechi hizo ili alipwe pesa ambayo tayari imehesabiwa kuwa yake. Kifungu kilichofuata kilisema kwamba miezi 12 ya mwisho, yaani msimu mzima wa pili, itaanza tu ikiwa klabu itaridhika na kiwango chake. Nilichukua kalamu nikafuta kila malipo yanayotegemea kuridhika kwa mtu mwingine. Kilichobaki kilikuwa mishahara sita na malipo ya siku ya kusaini, jumla 10,200,000.

Hata hiyo 1,200,000 haifiki mfukoni ikiwa nzima. Ukitoa mchango wa asilimia 10 wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha kodi ya mapato katika kiasi kinachobaki, mchezaji anapokea kama 928,000, na kutoka humo atalipa chumba kwa sababu mke wake habanduki Mtwara, ambako watoto wawili wako shuleni na yeye ana genge lake. Nilimweleza hivyo mpwa wangu, akanyamaza kwa muda mrefu.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa hivi. Mkataba wake wa sasa unaisha Juni 30, kwa mshahara wa 1,500,000. Hajalipwa Septemba, Oktoba na Novemba, na wa Desemba bado haujafika. Akibaki hadi mwisho, kuanzia malimbikizo mpaka Juni, anadai na atadai jumla ya 15,000,000. Kwenye karatasi, kubaki kunazidi kuondoka kwa karibu milioni 5. Lakini nimekaa na wakulima wenye stakabadhi mkononi na njaa nyumbani, na siwezi kumwambia mtu kwamba deni ni sawa na fedha. Klabu iliyoshindwa kulipa miezi mitatu inaweza kushindwa kulipa na mingine sita.

Kifungu kilichonikasirisha kweli kilikuwa katika rasimu ya kwanza, ile ya kubadilishana, ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya nafasi ya saini. Kilisema kwamba kwa kusaini, pande zote zinakiri kuwa hazidaiani chochote. Mstari mmoja tu, na shilingi 4,500,000 za jasho lake zinazikwa. Mpwa wangu alikuwa ameupita mstari huo bila kuusoma kwa sababu alidhani kurasa zile zinawahusu viongozi, si yeye. Hapo ndipo nilipomsimamisha. Huko Marekani klabu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji na mchezaji akaelezwa tu mahali pa kwenda, isipokuwa mkataba wake uwe na kifungu cha kumkinga. Katika soka letu mchezaji mwenye mkataba hahamishwi bila ridhaa yake. Klabu yake inamtaka sana yule winga, kwa kuwa ana umri mdogo na anaweza kuuzwa kesho. Klabu ya Kanda ya Ziwa inamtaka beki sasa hivi, si Julai. Bila saini ya mpwa wangu winga haji kusini na beki haendi kaskazini. Saini hiyo ndiyo mali pekee aliyonayo katika jambo hili lote, nayo ilikuwa inaombwa iambatane na msamaha wa deni.

Kisha kuna suala la tarehe. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine pale mkataba wake unapobakiza miezi sita au chini ya hapo, na klabu inayomtaka kabla ya muda huo inapaswa kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Mkataba unaoisha Juni 30 unafungua mlango huo mwaka mpya unapoingia. Bahasha ililetwa katikati ya Desemba, ikiwa na maneno kwamba jibu linahitajika ndani ya saa 48. Watu wa Mtwara na Lindi tunaijua haraka ya namna hii, kwa kuwa tumeishi na kangomba: mnunuzi anakuja mikorosho ikiwa bado na maua, wakati ada za shule zinadaiwa na debe la unga limekwisha, anatoa fedha taslimu kidogo na kuondoka na mazao ambayo miezi miwili baadaye yangepata bei ya mnada. Simtuhumu mtu kwamba alikusudia hivyo. Nilimwambia tu mpwa wangu kwamba wiki mbili za kusubiri zina thamani kubwa kwake kuliko kwao, na kwamba asiogope saa 48 za mtu mwingine.

Goti lake lilitupeleka kwenye kifungu kingine kibaya. Rasimu ilisema mkataba utakuwa halali baada ya mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Kanuni hizo hizo za FIFA zinakataza uhalali wa mkataba kutegemea vipimo. Vipimo hufanywa kwanza, saini hufuata. Tofauti si ndogo. Mchezaji akisaini kwanza, akawa ameachana na klabu yake, kisha picha ya goti isiwapendeze, atabaki kati, bila huku wala kule, na dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, likifungwa hana pa kucheza hadi Julai. Aidha rasimu haikusema lolote kuhusu matibabu wala mshahara akiumia kazini. Mwaka 2023 Aaron Rodgers, mkongwe wa mpira wa Kimarekani, alihama Green Bay Packers kwenda New York Jets akiwa na miaka 39, na dakika chache tu baada ya kuanza mchezo wake wa kwanza kano ya kisigino ikakatika. Msimu wake uliishia hapo, lakini malipo yake yalikuwa yamehakikishwa kwenye mkataba, hivyo aliendelea kulipwa akiwa anatibiwa. Kwa kijana wa miaka 21 jeraha ni kuchelewa. Kwa mwenye miaka 33 linaweza kuwa mwisho, na ndiyo sababu nilimwambia aache kuuliza atalipwa kiasi gani akicheza, aulize atalipwa kiasi gani akiwa amelala na bandeji.

Sitaki msomaji afikiri kwamba namwona mpwa wangu kama mtu aliyekwisha. Mkongwe ana thamani yake, na nimeiona. Juma Kaseja alirudishwa langoni mwa Taifa Stars mwaka 2019 akiwa na miaka 34, na Burundi ikatolewa kwa mikwaju ya penalti katika kufuzu Kombe la Dunia. Erasto Nyoni alipotoka Simba mwaka 2023 alikuja huku kwetu Namungo, timu ya Ruangwa, na sikusikia mtu Ruangwa akiuliza umri wake alipokuwa akiipanga safu ya nyuma. Nilipokuwa nikikaa jukwaani katika uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara miaka ile timu yetu ya Ndanda ikiwa Ligi Kuu, kuanzia 2014 hadi iliposhuka 2020, nilijifunza kuwatambua mabeki ambao hawakimbii sana kwa sababu wamekwisha kusimama mahali ambapo mpira utapita. Mpwa wangu ni wa aina hiyo. Klabu ya Kanda ya Ziwa inalijua hilo, vinginevyo isingemtoa winga.

Kwa hiyo ushauri wangu haukuwa akatae. Nilimwambia apunguze kimo cha mshahara ili aongeze urefu wake: aombe 1,050,000 kwa mwezi badala ya 1,200,000, lakini kwa miezi yote 18, bila kifungu cha kuridhika, na mshahara uendelee akiumia. Hiyo ni 18,900,000 iliyo yake, dhidi ya 10,200,000 ya rasimu yao. Hakufurahi. Alisema, "Mjomba, vijana wa kikosi cha pili watanicheka wakisikia." Nilimjibu kwamba Juni ya mwaka wa pili, wakati wenzake wa rika lake wanatafuta timu, yeye atakuwa bado anapokea, na mtoto wake wa kwanza atakuwa amemaliza darasa la saba.

Rafiki mmoja alishauri njia ya mkato: kanuni zinasema mchezaji asipolipwa mishahara miwili anaweza kuiandikia klabu barua ya kuidai, akaipa siku zisizopungua 15, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali. Ni haki yake, na nilimwambia aiweke akilini. Lakini klabu ikibisha, shauri linakwenda kwenye kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, inayoshughulikia hadhi za wachezaji, na mtu wa miaka 33 hana nusu msimu wa kutumia kwenye mashauri.

Tuliandika barua mbili usiku huo huo, moja kwa kila klabu, kwa lugha ya heshima na bila vitisho. Jibu la Kanda ya Ziwa lilikuja Jumatano: wamekubali 1,050,000 kwa miezi 18, wamekubali vipimo vitangulie, pesa ya usajili imepungua hadi 5,000,000 lakini inalipwa yote siku ya kusaini, na kuhusu mshahara wakati wa jeraha wanataka ukomo wa miezi sita, jambo ambalo nimeona linavumilika. Klabu yake ilichukua siku mbili zaidi. Imefuta mstari wa kutodaiana na kuandika hati ya kukiri deni la miezi minne, nusu ilipwe kabla hajapewa barua ya kuachiwa na nusu kabla ya mwisho wa Machi.

Leo alfajiri nimemsindikiza stendi. Amepanda basi la Dar es Salaam akiwa na begi moja na korosho za kukaanga ambazo mama yake amemfungia, na kutoka huko ataunganisha kwenda kwenye vipimo. Nusu ya deni haijaingia bado, kwa hiyo hati zote mbili zimebaki kwangu, ndani ya sanduku la mbao lenye vitabu vyangu vya zamani vya chama, bila saini.