Punda wa Simon's Town

Kusi imetufungia Simon's Town, mji wa bandari karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Huku kwenye Rasi ya Tumaini Jema majira yamepinduka: ni Januari, nyumbani Lamu kaskazi imeshika, lakini kwao ndio kwanza upepo wa kusini-mashariki unachacha. Wenyeji wanauita Daktari, eti husafisha hewa ya Cape Town. Nahodha alitazama utabiri, akatazama povu linavyoruka huko kwenye mnara wa taa wa Roman Rock, akasema Rasi hatuizunguki leo wala kesho. Mimi sikusikitika. Tangu Durban tumeteremka na mkondo wa Agulhas tukivizia upepo, tukikimbilia bandarini kila ulipogeuka kuwa wa kusini-magharibi, maana upepo huo ukigongana na mkondo, mawimbi yanayoinuka si ya kufanyia mzaha. Mwili ulitaka nchi kavu.

Ufukwe wa Boulders ni mwendo wa miguu kutoka gatini. Unapita bandari ya jeshi la wanamaji, unapita nyumba za watu, na kabla hujaiona bahari tena unawasikia. Aliyezaliwa Lamu hawezi kukosea: huyo ni punda. Kuvuta pumzi kwa kwikwi, kisha kuiachia yote kwa mlio mrefu wenye malalamiko. Nilisimama njiani nikarekodi, nikamtumia ami yangu pamoja na salamu.

Akajibu kwa sauti: "Marahaba. Huyo punda wa nani, na mbona hajapewa chakula?"

Nilimtumia picha. Kimya kirefu. Kisha: "Ndege?"

Ndege, ami. Pengwini wa Afrika, mwenye kimo cha kufika gotini tu, mgongo mweusi, kifua cheupe chenye madoadoa ambayo hayafanani kwa ndege wawili. Juu ya jicho ana ngozi ya waridi isiyo na manyoya. Joto likizidi, damu hupelekwa hapo ipoe. Wanatembea kwenye bustani za watu bila kubisha hodi, na kwenye maegesho kuna kibao kinachokuomba uchungulie chini ya gari kabla ya kuondoka.

Wageni kwenye njia ya mbao walikuwa wakipiga picha wale waliotakata. Mimi nilikaa zaidi na waliochakaa. Huu ni msimu wao wa kubadilisha manyoya, na yanatoka yote kwa mkupuo, ndege anabaki kama godoro lililopasuka. Kwa wiki tatu hivi maji hayazuiliki kumfikia ngozini, kwa hiyo haingii baharini, kwa hiyo hali. Anasimama tu juu ya jabali, mgongo kwenye upepo, akiishi kwa mafuta aliyoweka mwilini kabla. Kama hakupata samaki wa kutosha kabla ya kupanda pwani, atakufa amesimama mbele ya bahari.

Hapa zilianza jozi mbili tu, mwaka 1982, wakaongezeka hadi kufika kama elfu tatu. Ukiishia kusoma hapo utaondoka umefurahi. Lakini mwanzoni mwa karne iliyopita pengwini hawa walikadiriwa kupita milioni moja. Mwaka 2024, walipoingizwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, jozi zinazozaa zilikuwa hazifiki elfu kumi. Kwanza watu walikwangua samadi yao visiwani wakaiuza mbolea, nayo ndiyo pengwini waliyokuwa wakichimba mashimo ya kutagia. Mayai yao nayo yaliokotwa na kuliwa hadi miaka ya 1960. Siku hizi wanawekewa viota vya kutengenezwa, kulipia lile shimo lililosafirishwa Ulaya kwa meli.

Ami hakujali habari za samadi. Yeye amevua maisha yake yote, na swali lake lilikuwa moja: "Wanakula nini?"

Sardini na anchovi, dagaa wa huku.

"Na nani mwingine anawavua hao?"

Ndipo nilipomweleza kuhusu meli zinazotumia nyavu za kuzungusha, zile zile ambazo kwetu zimegombanisha wavuvi wadogo na wakubwa kwa miaka, ila hizi ni kubwa zaidi. Sardini huingia makoponi. Anchovi wengi husagwa kuwa unga wa kulishia mifugo na samaki wa kufugwa. Mimi naona hapo ndipo penye kisa chote. Njia ya mbao, vibao, walinzi wapole wa hifadhi, yote ni mema, lakini hakuna anayemlisha pengwini kwa kumpisha barabarani.

Kuna hatua moja nzito iliyopigwa. Mashirika mawili ya uhifadhi, BirdLife South Africa na SANCCOB, yaliishtaki serikali, na Machi 2025 yakafikiwa makubaliano mbele ya mahakama: nyavu hizo zisitumike karibu na makoloni sita, yaani mahali pengwini wanapozalia kwa wingi, kisiwa cha Robben Island kikiwemo, kwa miaka kumi.

Nilidhani ami atafurahi. "Samaki hana uzio," akasema. "Wakifunga hapa naye akahama?"

Kweli, amekwisha kuhama. Tangu miaka ya mwisho ya tisini, sehemu kubwa ya sardini na anchovi imesogea mashariki, mbali na makoloni ya upande huu. Nikajitetea: pengwini mwenye makinda hawezi kwenda mbali, lazima arudi kulisha, kwa hiyo samaki wachache waliobaki karibu na kisiwa ndio riziki yake, na hao ndio wa kuachiwa kwanza. Akanisikiliza. Akauliza ni maili ngapi hizo zilizofungwa, nami nikamwambia zinatofautiana kisiwa hadi kisiwa, zilibishaniwa sana.

"Zilipimwa na mtu wa meli au na mtu wa ndege?"

Wote wawili, ami. Ndiyo maana ilichukua miaka.