Nilivyojifunza Kutafuta Ubeti katika Mahabharata

Makala niliyokuwa nikiisoma ilitaja ubeti wa kwanza wa Bhagavad Gita, sehemu ya utenzi mrefu wa kale wa Kihindi uitwao Mahabharata, kwa namba tatu tu, 6.23.1, bila maelezo mengine. Namba ya kwanza haikunisumbua, kwa kuwa Mahabharata imegawanywa katika vitabu vikuu 18 viitwavyo parva, na cha sita ni Bhishma Parva. Namba ya pili ni sura, na ya tatu ni ubeti. Nilipofungua sura ya 23 ya kitabu hicho katika tarjuma yangu ya zamani, hata hivyo, nilimkuta shujaa Arjuna akimwomba mungu wa kike Durga, na Gita ilikuwa haijaanza.

Jioni nzima nilidhani mwandishi wa makala amekosea, kumbe tulikuwa na matoleo mawili. Wataalamu wa Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, walioongozwa na V. S. Sukthankar kuanzia 1925, walilinganisha miswada mingi, wakaacha beti walizoona ziliongezwa baadaye, na kukamilisha toleo lao mwaka 1966. Beti ambazo kwa mapokeo huhesabiwa 100,000 zikabaki takriban 75,000. Sala ya Durga iliwekwa kando, na Gita, ambayo kwangu ilianzia sura ya 25, kwao inaanzia ya 23. Tangu hapo hutafuta kwanza jina la kitabu kidogo, upaparva (vitabu hivyo vidogo kwa hesabu ya mapokeo ni 100), maana namba huhama lakini jina la kisa hubaki, kisha ndipo nahesabu sura.

Ilibaki kujua ubeti unaishia wapi, na hapo utenzi wa Mwana Kupona niliokaririshwa utotoni ulinifaa kuliko kamusi. Shloka, ubeti wa kawaida wa Mahabharata, kama ubeti wa utenzi, ina vipande vinne vya mizani nane, ingawa haina vina na hujali silabi nzito na nyepesi. Nilihesabu kwa vidole maneno ya mwanzo ya Gita: dha-rma-kshe-tre ku-ru-kshe-tre, nane, sa-ma-ve-ta yu-yu-tsa-vah, nane tena. Huchapwa vipande viwili kwa mstari, na baadhi ya beti zina mistari mitatu, jambo linalozidi kuvuruga namba.

Vidole vilinishinda katika sura ya 11 ya Gita, Arjuna anapoona umbo la kutisha la mungu Krishna: kila kipande kilizidi kwa silabi tatu. Nilirudia hesabu mara tatu kabla ya kukubali kwamba mshairi amebadili bahari, yaani mpangilio wa mizani, akaingia trishtubh, yenye silabi 11.