Nilivyoimudu kalkulasi nikitokea kidato cha nne

Hesabu niliyosoma hadi kidato cha nne haikuwa na kalkulasi (calculus), yaani hesabu ya jinsi vitu vinavyobadilika. Nilitoka hapo moja kwa moja kwenda kusoma stashahada ya umeme Arusha, na darasani nikawakuta wenzangu waliopitia kidato cha sita mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Mwalimu alipoanza kuandika derivativu ubaoni, wao walikuwa wanakumbushwa. Mimi nilikuwa naziona kwa mara ya kwanza.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa PCM kwenye kikundi chetu cha diskasheni. Alipitia daftari langu, akaweka kidole kwenye swali nililokwama. "Mdogo wangu, kalkulasi hapa ni huu mstari wa kwanza tu. Huko chini kote ni aljebra. Kaza aljebra kwanza."

Nikarudi geto Sakina na madaftari ya sekondari. Vipeo hasa: kwamba 1/x² ni x kwa kipeo cha −2, na kipeuo cha pili cha x ni x kwa kipeo cha ½. Kufungua mabano, kurahisisha sehemu zenye herufi kwenye asili, logariti. Kila jioni kabla ya kugusa somo jipya nilianza na hizo, mpaka mkono ukazoea. Kama unaingia chuo na una likizo mbele yako, usihangaike kusoma kalkulasi mapema, soma hayo.

Dhana yenyewe niliipatia barabarani. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Basi likitumia saa mbili, wastani ni kilomita 40 kwa saa, lakini spidimita haisomi 40 njia nzima: Usa River inasoma kingine, kwenye barabara iliyo wazi inasoma kingine. Derivativu ni ule usomaji wa papo hapo. Unaupata kwa kuchukua wastani wa kipande kifupi, halafu kifupi zaidi. Nilifanya kwa kikokotoo na x² pale x ilipo 3: hatua ya 1, yaani kutoka 3 hadi 4, inatoa 7 (16 toa 9), hatua ya 0.1 inatoa 6.1, ya 0.01 inatoa 6.01. Inaisogelea 6, na kanuni kwamba derivativu ya x² ni 2x inasema 6 vilevile. Tangu hapo sikukariri kanuni yoyote kabla sijaijaribu kwa namba.

Kwa trigonometria, weka kikokotoo kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya digrii. Derivativu ya sin x ni cos x kwa radiani tu. Kwenye digrii majibu yatakukataa na hutajua kwa nini.

Kanuni ya mnyororo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, ile ya fanksheni iliyo ndani ya fanksheni nyingine. Ikaniingia siku tulipoandika umeme wa nyumbani wenyewe: v = 325 sin(100πt), ambapo v ni volteji na t ni muda kwa sekunde. Hiyo 100π ni 2π mara hezi 50. Ukitafuta derivativu, sin inageuka cos, na 100π ya ndani lazima itoke nje ije kuzidisha. Tena ina maana: hezi zikipanda, volteji inabadilika kwa kasi zaidi, na kapasita inapitisha mkondo mkubwa zaidi. Kwa mtu wa umeme hapo ndipo somo linapoanza kuwa tamu. Nikaanza kuyaandika upya maswali ya kitabu kwa volti na ampea badala ya x na y, na wenzangu wa PCM nao wakawa wanayanakili.

Intigrali zilipofika sikuteseka sana, maana ni kurudi nyuma kwa njia ileile. Swali nililolipenda ni la kutafuta wastani wa v² kwa mzunguko mmoja. Wastani wa sin² unatoka nusu, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jibu ili kurudi kwenye volti, kwa hiyo unagawa 325 kwa kipeuo cha pili cha 2. Nikabonyeza kikokotoo: 229.8. Ndiyo zile volti 230 zinazoandikwa kwenye vifaa vyetu vingi, na nilikuwa nimezitoa mwenyewe kwa kalamu.