Tepe mbili zinazoshuka: monita kuukuu na Commodore 64

Hali ya mradi wangu wa kutengeneza monita kuukuu ya tyubu (kioo kikubwa cha mtindo wa zamani) kwa sasa: picha imetulia, kingo zimenyooka, na kilichobaki ni michirizi myembamba ya mshazari ambayo bado inanisumbua. Naandika njia niliyopita kwa sababu naamini kabisa kwamba monita za tyubu hujieleza zenyewe kwenye kioo. Anayekimbilia bisibisi kabla ya kutazama vizuri anajinyima nusu ya jibu.

Tepe mbili pana, zilizofifia kidogo, zilikuwa zikishuka polepole kwenye picha, na kila zilipopita kingo zilipinda kama nyoka aogeleaye. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, ya toleo la PAL (mfumo wa picha wa televisheni za Ulaya) huchora picha mara 50.125 kwa sekunde, na umeme wa ukutani ni 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo usumbufu unaotokana na umeme huo hauwezi kutulia mahali pamoja: utasogea, na utachukua kama sekunde 8 kutoka juu hadi chini. Unashuka badala ya kupanda kwa kuwa kompyuta ina kasi zaidi kidogo kuliko umeme. Nilipima kwa saa nikapata karibu na hapo. Muda hucheza kidogo, maana umeme wenyewe haukai kwenye 50 kamili.

Kisha idadi. Utepe mmoja huashiria 50 Hz: transfoma iliyo jirani, au mzunguko wa ethi, yaani umeme unaozunguka kupitia waya za ethi, kati ya kompyuta na monita. Tepe mbili ni 100 Hz, na 100 Hz huzaliwa ndani ya pawasaplai, pale diodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinapogeuza kila nusu ya wimbi kuelekea upande mmoja. Kapasita kubwa inayofuata, kifaa cha kuhifadhi chaji, ndiyo yenye kazi ya kusawazisha hayo mabonde. Ikichoka, mabonde hufika hadi kwenye picha.

Washukiwa wa nje niliwaondoa kwanza, kwani hilo halihitaji kufungua kitu. Nilichomoa kebo ya picha na kuongeza mwanga hadi kioo kitupu kikaonekana: kingo bado zilipinda. Kasi ya tepe ilibadilika, jambo la kawaida, kwa kuwa bila kompyuta monita hujiendesha kwa mdundo wake. Nikaigeuza robo duara mezani, umbo la tepe likabaki vilevile. Kingekuwa chanzo cha sumaku jirani, lingebadilika.

Hapo ndipo nilipofungua, na hapa sitanii. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita hiyo hubeba kama volti 325, na tyubu ya rangi hupokea zaidi ya volti 20,000. Vyote viwili vinaweza kubaki na chaji baada ya kuzima. Kapasita niliitoa chaji kupitia rezista, si kwa kuigusisha bisibisi. Tyubu niliitoa chaji kwa kuunganisha waya kutoka kwenye kiunganishi chake cha volti ya juu hadi kwenye msuko wa ethi uliozunguka mgongo wake.

Kapasita imeandikwa maikrofaradi 220. Kwa macho ilikuwa safi, haikuvimba wala kuvuja, lakini mita ilionyesha chini ya nusu ya hapo. Niliweka mpya yenye maikrofaradi zilezile, ya volti 400 na inayovumilia joto la nyuzi 105, nikihakikisha mguu hasi umekaa upande wake. Nikalehemu upya viungo vya transfoma ya mistari, ile inayoipa tyubu volti ya juu, vilivyokuwa na nyufa ndogo za mviringo. Mwisho nilipima volti ya kuendesha mistari na kuirudisha kwenye namba iliyochapwa kwenye bodi. Hatua hiyo isirukwe: volti hiyo ikizidi, ile ya tyubu hupanda nayo, na tyubu iliyozidishiwa volti hutoa eksirei zaidi.

Tepe zimeondoka. Michirizi ya mshazari, ambayo pengine ilifichwa na tepe, hutoweka ninapozima adapta ya taa ya mezani, kwa hiyo ni kelele ya masafa ya juu inayoingilia kwenye kebo. Hatua inayofuata ni kebo yenye ngao nzuri, inayotenganisha mwangaza na rangi, pamoja na pete ya feriti, inayozuia kelele ya masafa ya juu, kwenye waya wa adapta. Nitaanza na pete, nione kama peke yake inatosha.